Bastola za Fataki za Mfukoni: Kusoma Ubovu Kabla ya Kushika Bisibisi

Kazi yangu ni ufundi saa. Bastola ya kwanza ya fataki niliyoifungua ililetwa na mzee ambaye marehemu baba yake aliinunua mnadani Uingereza. Aliniletea mimi kwa sababu, alivyosema, "ina kamani kama saa." Nilikaa nayo siku mbili nikiitazama tu kabla sijagusa parafujo hata moja. Siku hizo mbili zilinifundisha jambo ambalo nimelifuata tangu hapo: katika vyombo hivi, nusu ya kinachoitwa ubovu ni alama ya jinsi vilivyobuniwa, na anayekimbilia kutengeneza bila kuuliza anafuta historia kwa mikono yake.

Nazungumzia bastola ndogo za silinda zilizotengenezwa kati ya 1836 na mwanzoni mwa miaka ya 1870, zile za kutiwa mfukoni mwa koti. Baruti nyeusi na risasi vilishindiliwa kwa mbele ya silinda, na moto ulitoka kwenye fataki, kikofia kidogo cha shaba kilichovikwa juu ya chuchu, kibomba kidogo cha kupitisha moto, upande wa nyuma. Watu wa Pwani wanalijua neno hilo tangu enzi za bunduki za fataki, kabla halijawa neno la milipuko ya sikukuu.

Nawaandikia wanaozitunza. Wanaotaka kuzifyatua watafute mwalimu kwingine.

Kabla ya yote: je, imeshindiliwa?

Hili halina mjadala. Bastola nyingi za zamani ziliwekwa kabatini zikiwa na baruti ndani, na baruti nyeusi ikikaa kavu haifi. Miaka 150 si kitu kwake. Usivute nyundo "kujaribu tu."

Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, tazama kwa ubavuni, umulike tochi kwenye uso wa mbele wa silinda. Chumba, yaani tundu la silinda linalobeba baruti na risasi, kikiwa kitupu kinaonekana shimo jeusi. Chumba kilichojaa kinaonyesha uso wa risasi, mara nyingi wa kijivu au wenye unga mweupe. Kisha tazama nyuma: je, kuna chuchu yoyote iliyovaa fataki? Ukiona kimojawapo, au ukiwa na shaka, simama hapo hapo. Usichokonoe wala usitie joto. Iache ilipo, uwaite polisi au fundi wa silaha mwenye leseni.

Na sheria nayo iulizwe mapema. Marekani, sheria ya silaha ya 1968 inazihesabu bunduki na bastola zilizotengenezwa hadi 1898 kuwa vitu vya kale, na zinaachwa huru kwa mambo mengi. Watu husoma hayo mtandaoni wakadhani ndivyo ilivyo Mombasa au Dar es Salaam. Usiichukue sheria ya watu ukaivaa. Uliza mamlaka ya silaha ya nchi yako kabla ya kununua, kurithi au kusafirisha.

Inavyofanya kazi ikiwa nzima

Chukua ile iliyouzwa kuliko zote, Colt ya mfukoni ya mtindo wa 1849. Kiwanda cha Hartford, Connecticut, kiliitengeneza kuanzia 1850 hadi 1873, zaidi ya 300,000, na kiwanda cha Colt cha London kikatoa nyingine zipatazo 11,000. Tundu la mtutu ni inchi 0.31, karibu milimita 8. Nyingi zina vyumba vitano, chache sita. Chombo kizima kina uzito wa karibu gramu 700, kutegemea urefu wa mtutu.

Ukivuta nyundo nyuma, kazi tatu zinafuatana. Kwanza komeo, kipande kidogo cha chuma chini ya silinda, linashuka na kutoka kwenye pengo lake. Halafu kidole, kijichuma kilichoshikizwa kwenye nyundo, kinasukuma jino la nyuma ya silinda na kuizungusha nyuzi 72, yaani moja ya tano ya mduara. Mwisho komeo linaruka juu na kuingia pengo linalofuata, sawia na nyundo kushika. Chumba kinakuwa kimenyooka na mtutu. Karibu kila ugonjwa nitakaoutaja hapa ni moja ya kazi hizo tatu iliyochelewa, iliyowahi au isiyofanyika.

Ubovu usio ubovu

Naanza na huu kwa sababu ndio umeharibu bastola nyingi mikononi mwa watu wenye nia njema.

"Kifyatulio hakipo, kimevunjika." Tazama jina. Kama ni Colt ya Paterson, New Jersey, iliyotengenezwa kuanzia 1836, kifyatulio kimekunjwa ndani ya fremu na hujitokeza nyundo ikivutwa. Hakuna kilichovunjika. Ndivyo Samuel Colt alivyokibuni.

"Nyundo haishiki nyuma, inarudi." Kama ni Adams ya Uingereza ya 1851, haikutengenezwa ishike. Robert Adams aliionyesha kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka huo: unavuta kifyatulio tu, nyundo inapanda na kuanguka yenyewe. Hata nyundo yenyewe haina mkia wa kukamatia kwa kidole gumba. Nimewahi kuona moja ambayo fundi wa zamani aliichonga pengo jipya kwenye nyundo ili "ishike." Jeraha lile halifutiki.

"Nyundo inapanda lakini silinda haigeuki." Soma kama imeandikwa Massachusetts Arms. Colt aliishtaki kampuni hiyo na akashinda mwaka 1851 huko Boston, kwa sababu hataza yake ya kuzungusha silinda kwa nyundo ilikuwa bado hai hadi 1857. Kampuni ikatoa bastola ndogo za mfukoni ambazo unabonyeza kitufe kilicho mbele ya kifyatulio, kisha unageuza silinda kwa mkono. Hukumu ya mahakama imo ndani ya chuma hicho. Na ukikuta kijumba chenye mlango mdogo ubavuni mwa fremu, hapo palikaa utepe wa karatasi wenye vidonge vya kulipuka, uvumbuzi wa Edward Maynard, daktari wa meno, wa 1845. Si mahali pa kutia mafuta.

"Mdeki umepotea." Colt za mfukoni za 1847 hadi 1850, ambazo wakusanyaji huziita Baby Dragoon, kwa kawaida hazikuwa na mdeki, yaani wenzo wa kushindilia risasi, chini ya mtutu. Mwenyewe alivua mtutu na kutumia ncha ya mhimili wa silinda kushindilia risasi. Tazama ncha hiyo: mara nyingi ina makovu ya kazi hiyo. Kuna pia za 1849 zenye mtutu wa inchi 3 zisizo na mdeki. Aliyezitoboa ili kufunga mdeki wa kununua ameua thamani na ushahidi kwa pamoja.

Silinda inazunguka ovyo, haifungi

Hapa ndipo ninapokaa sana, kwa sababu komeo ndilo kiungo dhaifu cha bastola hizi. Ni dogo, linafanya kazi kila mvuto, na linategemea kamani yenye unene wa ukucha.

Ukishahakikisha ni tupu, ishike silinda kwa vidole viwili nyundo ikiwa chini, ujaribu kuigeuza. Kuchezacheza kidogo ni kawaida kwa chombo cha umri huu. Kuzunguka kabisa si kawaida.

Gusa kifyatulio. Ndani ya fremu mna kamani moja bapa yenye miguu miwili, imefungwa kwa parafujo moja: mguu mmoja unainua komeo, mwingine unasukuma kifyatulio mbele. Kama kifyatulio kina uhai lakini komeo limelala, umevunjika mguu mmoja tu. Kama vyote viwili vimelegea, imevunjika kamani nzima, au parafujo yake imefunguka kidogo. Nimekutana na mambo yote mawili, na parafujo iliyolegea ni furaha, maana dawa yake ni robo ya mzunguko.

Kama kamani ni nzima, tazama mapengo ya silinda. Kingo zake zikiwa zimemomonyoka upande mmoja, bastola imewahi kuvutwa kwa kasi mno, silinda ikapiga komeo kwa nguvu. Umbo la pengo pia lina habari: Baby Dragoon za mwanzo zilikuwa na mapengo ya duara, baadaye yakawa ya pembe nne, kwa sababu duara halikushika vizuri. Ukikuta silinda ya mapengo duara ndani ya fremu ya baadaye, kuna mtu alibadilisha kipande.

Tatizo la tatu linaonekana kwa macho: mstari wa mkwaruzo uliozunguka silinda yote kwenye usawa wa mapengo. Huo ni ushahidi kwamba komeo linapanda mapema na kuburuta juu ya chuma. Komeo lenyewe nyuma lina miguu miwili yenye unyumbufu, mmoja ukipanda juu ya kinundu kilicho ubavuni mwa nyundo. Mguu ukipinda, au kinundu kikilika, mpangilio wote unateleza. Mkwaruzo huo unaniuma kuliko kutu, kwa kuwa silinda za 1849 zilipigwa muhuri wa picha: gari la farasi likishambuliwa na majambazi, abiria wakijihami. Mchongaji alikuwa Waterman Ormsby, aliyekuwa akichonga pia noti za benki. Picha ile haikuwa pambo tu, ilikuwa njia ya kuthibitisha chombo ni cha Colt kweli. Kila mvuto wa kujifurahisha wa bastola yenye komeo bovu unakula farasi mmoja.

Silinda haigeuki kabisa

Umeshaondoa uwezekano wa Massachusetts Arms. Sasa fanya jaribio hili la nguvu ya uvutano. Lenga mtutu chini, vuta nyundo taratibu. Halafu lenga juu, rudia. Kama inageuka mtutu ukiwa chini na inagoma ukiwa juu, kidole kimepoteza kamani yake. Ni kibati chembamba kilichobanwa kwenye mgongo wa kidole, kazi yake kukisukuma mbele kiguse meno. Kikikatika, kidole kinaanguka mbele kwa uzito wake tu unapoinamisha mtutu, na ukiuinua kinalala nyuma. Bastola ya yule mzee ilikuwa na ugonjwa huu hasa.

Kama inagoma pande zote, angalia kabari. Colt hizi hazina daraja la chuma juu ya silinda. Mtutu unashikwa na mhimili na kabari moja inayopita ubavuni. Kabari ikigongwa mno, mtutu unarudi nyuma na kubana uso wa silinda. Kunapaswa kuwa na mwanga mwembamba kati ya mtutu na silinda. Usipouona, jawabu umelipata, na hakuna kilichovunjika. Remington na Colt za ubunifu wa Elisha Root za 1855, zenye nyundo ubavuni, zina fremu nzima iliyofunika silinda juu, na tatizo hili hawalijui.

Sababu ya tatu ni uchafu kwenye mhimili. Baruti nyeusi huacha masizi mengi yanayovuta unyevu, na yakichanganyika na mafuta ya miaka mia yanakuwa gundi.

Kabari haitoki

Hapa watu huchukua nyundo ya seremala. Tafadhali usifanye hivyo. Kabari inasukumwa kutoka kulia kwenda kushoto. Upande wa kulia kuna ulimi mdogo wenye meno unaochomoza: ubonyeze kwanza ndipo usukume. Upande wa kushoto kuna parafujo ambayo kichwa chake kinaizuia kabari isidondoke kabisa, basi usiivute kwa koleo ukidhani imekwama.

Ikikataa, tone la mafuta mepesi kila upande, uiache usiku kucha. Kesho yake gonga polepole kwa kipande cha shaba au mti mgumu. Kabari ikishatoka na mtutu ukagoma, geuza silinda ili ukuta ulio kati ya vyumba viwili ukae chini ya mdeki, kisha tumia mdeki kusukuma: mtutu utajivua wenyewe. Ndivyo walivyofanya wenyewe zamani.

Bisibisi nayo ijaze mfuo wa parafujo, kona hadi kona. Za dukani zina ncha nyembamba kama patasi, zinapasua mifuo. Fundi saa hunoa zake mwenyewe, na kwa bastola hizi ninafanya vile vile.

Nyundo haishiki, au inaanguka kiulegevu

Katika Colt, ncha ya kifyatulio ndiyo inayoingia kwenye mapengo ya nyundo: moja la nusu, moja la kuvuta kamili. Pengo la nusu hutangulia kuvunjika, kwa sababu watu walilitegemea kama usalama, bastola ikadondoka, chuma kikakatika. Colt alikuwa ameweka njia nyingine: vijipini nyuma ya silinda kati ya chuchu na chuchu, na uso wa nyundo una kishimo cha kukalia juu yake. Ni wazo zuri sana, lakini vijipini hivyo ni vidogo kama kichwa cha kiberiti, na mara nyingi unavikuta vimebonyea au vimekatika.

Pengo la kuvuta kamili likiwa na alama mpya za tupa, mtu alitaka kifyatulio chepesi. Chombo hicho kibaki kabatini daima. Nyundo ikianguka bila nguvu, kamani kuu imechoka au parafujo yake chini ya mpini imelegea. Na ikianguka kwa nguvu lakini haifiki kwenye chuchu, pima chuchu: zilibadilishwa mara nyingi, na zisizo zake huwa fupi au ndefu.

Vipande vya shaba ndani, na mashimo ya kutu nyuma ya silinda

Ukifungua na kukuta vipande vyembamba vya shaba chini ya nyundo, hizo ni fataki zilizopasuka na kudondokea kwenye uwazi wa nyundo. Lilikuwa lalamiko la siku zote la wenye bastola hizi: kipande kimoja kinatosha kuzuia nyundo isifike.

Fataki ilikuwa maendeleo makubwa. Zebaki ya kulipuka ilielezwa na Edward Howard wa Uingereza mwaka 1800. Mwaka 1807 mchungaji wa kanisa wa Uskoti, Alexander Forsyth, alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kupiga, na kufikia miaka ya 1820 kikofia cha shaba kilikuwa kinaenea. Bila kikofia hicho silinda ya Colt ingekuwa ngumu sana, maana kuwasha vyumba vitano kwa jiwe la gumegume ni taabu. Lakini dawa za fataki zilizochanganywa kloreti ya potasiamu ziliacha chumvi, na chumvi inakula chuma. Ndiyo sababu kutu kali iko pale pale kuzunguka chuchu huku sehemu nyingine zikiwa safi. Kwa hewa ya Pwani yetu chumvi hiyo haitulii.

Kutu nyekundu yenye unga iko hai: ifute kwa mafuta mepesi na kitambaa, au kibanzi cha mfupa. Rangi ya kahawia iliyotulia iache. Msasa usiukaribishe, wala dawa za kung'arisha shaba kwenye ulinzi wa kifyatulio, kwa sababu shaba ile ilipakwa fedha kiwandani, na mabaki yake kwenye kona yanapotea kwa mfuto mmoja.

Chumba kimoja kilichovimba, au kovu la risasi kwenye chuma kilicho mbele ya chumba kisichonyooka na mtutu, ni dalili ya moto ulioruka kutoka chumba kwenda jirani. Uliingia kwa mbele, risasi ikiwa haikujaza chumba, au kwa nyuma, fataki ikiwa imelegea.

Silinda haina chuchu

Pengine imekatwa nyuma kukubali risasi za ganda la chuma. Smith & Wesson walianza na bastola yao ndogo ya 0.22 mwaka 1857, wakilindwa na hataza ya Rollin White ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja. Wengine walikwama na fataki hadi hataza hiyo ilipokwisha 1869. Baadaye Colt yenyewe iligeuza za mfukoni za mtindo wa 1862 kiwandani. Basi usidhani kila iliyokatwa iliharibiwa na fundi wa mtaani.

Namba hazilingani

Colt ilipiga namba moja chini ya mtutu, fremu, ulinzi wa kifyatulio na mpini, na tena kwenye silinda. Kwenye kabari mara nyingi ni tarakimu za mwisho tu. Kabari tofauti ni jambo dogo, ilipotea na kununuliwa nyingine. Mtutu tofauti ni habari nyingine. Anwani juu ya mtutu ya New York, Hartford au London nayo ilinganishe na alama: za London zina mihuri ya majaribio ya Uingereza. Duara dogo la yai lenye herufi ELG linatoka Liège, Ubelgiji, ambako Colt aliwapa wengine ruhusa ya kuiga na wengine wakaiga bila kuomba. Maandishi yanayoonya kutumia baruti nyeusi pekee, pamoja na mihuri ya Gardone Val Trompia, ni ya kiwanda cha Italia cha karne ya 20 au hii yetu. Hiyo ni bastola ya kweli, kitu cha kale siyo.

Ile ya mzee nilibadilisha kamani ya kidole. Ya zamani, vipande viwili, niliitia kwenye bahasha nikaandika tarehe. Kabari yake haikuwa yake. Nikavua mpini wa mti ambao ulikuwa haujawahi kutolewa kwa muda mrefu, nikaugeuza kwenye taa. Kwenye mfereji wa ndani, pale ambapo jasho la mkono halifiki, namba ilikuwa imeandikwa kwa wino na kalamu ya mtu wa Hartford, tarakimu zile zile za kwenye fremu. Nilimwita mzee aje kuitazama kabla sijaufunga tena.